Shajara ya kuvua na kurudisha feringi: kelele, masikio yaliyopasuka na boliti zisizo zake

Ijumaa usiku, maandalizi

Mradi ni huu: kuvua feringi yote ya pikipiki, yaani yale makava ya plastiki ya pembeni, ya chini na ya pua, nitafute kelele inatoka wapi, nizibe nyufa, afu nirudishe kila kitu kikae kama kilivyotoka kiwandani. Kelele yenyewe inaanza mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika ukipita 4,000, inazidi kidogo kidogo, ukikaribia 5,500 inapotea kabisa. Ni ile ya zzzzz kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Kilichonipa uhakika kwamba si injini ni goti, maana nikikandamiza kava la kushoto kwa goti inanyamaza palepale, nikiachia inarudi. Injini haijali goti la mtu.

Pikipiki imepitia mikono mingi kabla yangu na inaonekana kila aliyeifungua aliirudisha kwa alichokikuta mfukoni. Nikiwa nimesimama tu naona vichwa vya boliti vya aina tatu tofauti upande mmoja, vingine vya alenki, vingine vya nyota, na moja ni skrubu ya mbao, naapa, skrubu ya mbao imekaa kwenye kava.

Vifaa nilivyotoa: alenki za 4 na 5, soketi ya 8 na ya 10, bisibisi za nyota saizi mbili, bisibisi bapa ndogo niliyoizungushia tepu kwenye ncha isikwaruze rangi, tochi ya kichwani, blanketi kuukuu la kulazia makava, na kipande kikubwa cha boksi. Boksi ndo kifaa muhimu kuliko vyote. Nimechora pikipiki upande wa kulia na upande wa kushoto, mchoro wa kitoto tu, na kila boliti ikitoka natoboa boksi mahali pake naichomeka pamoja na washa yake na bushi yake. Watu wanapiga picha na mi nitapiga, ila picha haikwambii boliti ipi ilikuwa ndefu.

Jumamosi asubuhi, siti na makava ya pembeni

Injini lazima iwe imepoa kabisa kwasababu bomba la eksozi linapita nyuma ya kava la chini na mkono unaingia humohumo. Nimeacha pikipiki juani kwanza. Plastiki iliyolala kwenye baridi inakuwa ngumu na inakatika kirahisi, ikipata joto la jua inalegea kidogo na ule ulimi wake unakubali kupinda bila kulia.

Siti imetoka, nikafungua betri, waya hasi kwanza. Kwa kutoa makava tu unaweza kusema haina haja ila kuna soketi za indiketa na taa ya mbele zitachomolewa, sitaki mtu akiguse kifungo huku waya ziko wazi zinaning'inia.

Vikava vidogo vya chini ya siti vina boliti moja tu inayoonekana na ndo mtego wa kwanza. Ukishaifungua kava halitoki, mtu anadhani limeganda, anavuta kwa hasira, kumbe nyuma lina vipini viwili vya plastiki vimechomekwa kwenye raba za fremu. Hapa unapitisha vidole nyuma ya kava mpaka uguse kipini, unavuta karibu kabisa na pale kipini kilipo, na unavuta moja kwa moja kutoka nje, usipindishe. Kinatoka na sauti ya pop. Ukivuta kwa kona ya kava, kipini kinabaki ndani ya raba na wewe unabaki na kava mkononi. Cha kushoto changu kilishavunjwa zamani na mtu akakigandisha na supagluu, kimekaa upande kama jino bovu.

Afu kuna zile pini za plastiki nyeusi za duara. Hizi zinavunjwa sana na hazina kosa. Kuna za aina mbili kwenye pikipiki yangu. Ya kwanza ina kitovu katikati, unakibonyeza ndani kwa ncha ya alenki ndogo, milimita mbili hivi mpaka usikie tik, basi, usiendelee kusukuma kitapitiliza kiangukie ndani, hapo pini nzima inalegea unaivuta kwa kucha. Ya pili kitovu chake kina mfereji pembeni, hiyo haibonyezwi, unaingiza bisibisi bapa unakinyanyua kije juu kwanza. Ukichanganya, ukibonyeza ya kunyanyua, unavunja. Kwahiyo kabla ya kugusa angalia kitovu kimekaa sawasawa na uso wa pini au kina mahali pa kushika.

Jumamosi mchana, kava la chini na makubwa ya pembeni

Kava la chini limetoka bila shida isipokuwa boliti moja ya nyuma karibu na stendi. Ilikuwa imekula kutu na nati yake ni ile ya bati iliyokunjwa kama herufi U ikavalishwa kwenye plastiki. Nati hizi zikishika kutu zinazunguka pamoja na boliti, unafungua mpaka kesho. Nimeishika nati kwa koleo la mdomo mrefu kupitia uwazi wa juu, nikapuliza mafuta ya kulegeza kutu kidogo sana, nikasubiri, ikakubali. Mafuta yaliyomwagika kwenye plastiki nimefuta hapohapo na maji ya sabuni, sipendi kemikali nisiyoijua ikae kwenye plastiki iliyobanwa.

Skrubu za nyota nazo zina mambo yake. Pikipiki za Kijapani skrubu zake nyingi ni za mfumo wa JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, ukiangalia vizuri kichwani utaona nyingi zina kidoti kidogo kimegongwa. Bisibisi ya kawaida ya Phillips ncha yake haiketi mpaka chini kwenye tundu la JIS, inashika juujuu, ukikaza mkono inaruka na kula kingo, na hapo ndo unapata zile skrubu zenye tundu la duara ambazo watu wanalaumu chuma laini. Chuma hakina shida, bisibisi siyo yake. Nilikuwa na za JIS nikazitumia, hakuna iliyoruka, hata zile ambazo tayari zilishaliwa nusu zilitoka kwa kugongwa kidogo kichwani kwanza.

Kava kubwa la kushoto sasa, mshukiwa wetu. Boliti tano, pini tatu, na mbele ndimi mbili zinaingia kwenye kava la pua kwa kuteleza. Maana yake haliji kwako, linakwenda nyuma kwanza kama sentimita moja na nusu ndo linakuja. Kabla halijatoka mbali kumbuka soketi ya indiketa, waya wake ni mfupi makusudi. Nimeliegemeza kava kwenye paja, nikabonyeza kile kiulimi cha soketi, nikavuta soketi yenyewe siyo waya.

Na ndani ya kava nikakuta jibu, au robo tatu ya jibu.

Kila tundu la boliti kwenye feringi linatakiwa liwe na vitu vitatu: raba ya duara iliyovaa kwenye plastiki, ndani ya raba bushi ya chuma yenye ukingo, na boliti inayopita ndani ya bushi. Ukikaza, boliti inabana bushi, bushi inabana fremu, chuma kwa chuma, na plastiki inabaki inaelea kwenye raba bila kubanwa na chochote. Ndo maana feringi nzima ukiitikisa kwa mkono inacheza kidogo, inatakiwa icheze, injini inatetemeka na fremu inatetemeka, kama plastiki imefungwa kavu lazima ipasuke. Sasa hili la kwangu matundu matano lina bushi mbili. Matatu yaliyobaki jamaa aliweka washa kubwa tu juu ya plastiki akakaza. Akikaza sana plastiki inapasuka, akilegeza inalia. Alichagua vyote, mawili yamepasuka na moja linalia.

Lingine nililoliona kwa tochi: kwenye sikio la katikati, yaani kile kijitokezo cha plastiki chenye tundu la boliti, kuna nyufa nyembamba nyembamba kama utando wa buibui zinazunguka tundu, na kwenye nyuzi za boliti kuna mabaki ya ute wa bluu umekauka. Ile ni gundi ya kuzuia boliti isilegee, loktaiti kwa jina la mtaani. Gundi hiyo ikigusa plastiki ya ABS iliyobanwa inaidhoofisha na kuipasua, hata kopo lake huwa linaonya kuhusu plastiki. Mtu aliona boliti inalegea kwasababu hakuna bushi, akaongeza gundi, gundi ikapasua sikio, sikio likalegea zaidi. Na mimi naamini, kwa nilivyoona kwenye pikipiki hii na za marafiki, feringi nyingi haziuawi na kuanguka, zinauawa na mtu mwenye spana.

Jumamosi jioni, pua

Pua nimeiacha mwisho kwasababu kwenye muundo huu boliti za vioo vya kutazamia nyuma ndo zinazoshika pua kwenye brakiti ya mbele. Yaani ukitoa vioo vyote viwili bila mtu kushika, pua na taa vinashuka mbele na waya zote zinabeba uzito. Nimefunga kamba laini kutoka kwenye brakiti hadi chini ya pua ikabaki inaning'inia salama, nikachomoa soketi ya taa na za taa ndogo, nikaweka kipande cha tepu chenye namba kwenye kila soketi na mwenzake.

Kioo cha upepo kimeshikwa na zile nati za raba, kimkebe cha raba chenye nati ya shaba ndani, ukikaza boliti raba inavimba nyuma ya tundu na kushika. Mbili zilikuwa zinazunguka pamoja na boliti, nikabana raba kwa vidole kutoka nyuma huku nafungua. Kioo nimekifuta kwa maji na sabuni tu. Petroli na tina kwenye kioo cha plastiki ni kuomba nyufa.

Pikipiki ikiwa uchi nimekagua vya ndani kwakuwa nafasi haipatikani kila siku. Hapo nikakuta kitu kilichonikera kuliko bushi: boliti ya chini kulia ni ndefu kuliko mwenzake wa kushoto kwa kama milimita 8, na ncha yake ilikuwa inasugua mapezi ya rejeta. Mapezi machache yamelala, bomba la maji lenyewe halijaguswa. Milimita mbili tatu zaidi na ingekuwa hadithi nyingine ya kulanti, maji ya kupooza injini, kumwagika njiani. Boksi langu ndo lilionyesha, boliti mbili zimechomekwa sehemu zinazofanana na moja imezama zaidi upande wa pili.

Jumapili, kuziba nyufa

Kabla ya kuchagua gundi, jua plastiki ni ipi. Nyuma ya kava kuna herufi zimegongwa katikati ya mishale miwili, yangu makubwa yameandikwa ABS, na kava la ndani la matope limeandikwa PP, yaani polipropilini. Kava moja halikuwa na herufi, nikakata kiganda kidogo kwenye ukingo wa ndani nikakitia kwenye glasi ya maji. Kikazama. PP ni nyepesi kuliko maji inaelea, ABS inazama. ABS ndo plastiki ileile ya vitofali vya Lego, ngumu, inapokea rangi vizuri, na asetoni inaiyeyusha. PP asetoni haiigusi na gundi nyingi hazishiki, hiyo ni ya kuchomelea kwa joto na uzi wa PP mwenzake, kwahiyo lile la matope nimeliacha kama lilivyo, ufa wake mdogo na hauonekani.

Kwa ABS nimefanya hivi. Mwisho wa kila ufa nimetoboa tundu la milimita 3, ufa ukifika kwenye duara unakosa pa kuendelea, usipotoboa unaweza kuziba vizuri mbele na ufa ukaendelea nyuma ya kazi yako. Afu upande wa ndani nimechimba mfereji wa V kufuata ufa, sio mpaka nje. Kipande cha wavu laini wa chuma nimekikata kikubwa kuliko ufa, nikakilaza juu, nikakizamisha kwenye plastiki kwa pasi ya kulehemu, ile ya mafundi redio, taratibu, wavu unazama plastiki inapanda kupitia matundu yake. Hapa mkono usiwe mzito maana ABS inaanza kulainika kwenye nyuzi 100 na kidogo na upande wa pili kuna rangi, ukisikia joto kwenye kidole ulichoweka nje umeshakaribia.

Juu ya wavu nikapaka uji wa ABS, vipande vya plastiki hiyohiyo vilivyolowekwa kwenye asetoni ndani ya chupa ya glasi mpaka vikawa kama asali nzito. Milango wazi, glavu, na hakuna moto wala pasi iliyowashwa karibu, mvuke wa asetoni unashika haraka mno. Paka tabaka jembamba, subiri, paka tena. Ukipaka nene mara moja juu kunakauka, ndani kunabaki kubichi na kunatoa mapovu. Nimeacha usiku kucha na zaidi, harufu ikiwa bado ipo ujue bado.

Kile kipini kilichogandishwa na supagluu nimekikwangua chote nikajenga upya kwa uji huohuo kwenye skrubu fupi kama mti wa ndani. Kimetoka kinene, nimekipiga msasa mpaka kikaingia kwenye raba.

(Wakati nasubiri likanijia swali la kwanini tunahangaika na haya makava kabisa. BMW R100RS ya mwaka 1976 ndo inatajwa sana kama ya kwanza ya kiwandani kuuzwa na feringi kamili, na ilipimwa kwenye handaki la upepo la Pininfarina huko Italia. Yaani ilianza kama kazi ya upepo, kumkinga mpanda kifua chake kwenye safari ndefu. Leo nyingi ni sura.)

Jumatano usiku, bushi

Bushi za asili zinapatikana kwa namba za vipuri ila nimeamua kutengeneza. Kibomba cha alumini ambacho boliti ya M6 inapita bila kubana, nimepima bushi moja nzima kwa vernia ikaja milimita 7 na ushei, nikakata vipande vitatu, nikapiga tupa kwenye kioo bapa chenye msasa mpaka vikalingana, juu nikaweka washa ya alumini badala ya ule ukingo. Kipimo hapa ndo kila kitu. Ikiwa fupi plastiki inabanwa, ikiwa ndefu kava linagonga. Nimejaribu kila moja kwenye raba yake mezani, nakaza boliti kwenye kipande cha chuma afu natikisa kava, linacheza kidogo bila sauti, safi.

Raba mbili zilikuwa zimekakamaa nimebadilisha. Kuzivalisha tumia maji ya sabuni, usitumie grisi ya kawaida, raba nyingi inazivimbisha zikawa laini kama ulimi.

Jumamosi iliyofuata, kurudisha

Mpangilio ni kinyume cha kuvua, pua kwanza. Soketi zote kabla ya boliti yoyote, nikarudisha betri kwa muda, nikajaribu taa kubwa, ndogo, indiketa zote, pembe. Hakuna kinachouma kama kufunga kila kitu ndo ugundue indiketa ya kulia haiwaki.

Sheria moja nimeishika: hakuna boliti inayokazwa mpaka zote zimeingia. Kila moja naizungusha kwa vidole raundi tatu nne tu, pua na makava ya pembeni yakiwa bado yanaelea, afu naanza kukaza kutoka katikati kwenda kingo. Tundu lisipolingana silivuti kwa boliti, nalegeza jirani zake, nasukuma kava kwa kiganja, linakuja lenyewe. Kava la kulia lilikuwa limekataa kama milimita tano, nikakuta ulimi mmoja umepita juu ya ukingo wa pua badala ya chini. Kukaza nashika alenki kwa upande mfupi na vidole viwili, bushi ikishagusa fremu unasikia inasimama ghafla, hapo tosha. Loktaiti hakuna. Boliti ndefu imepata mahali pake kushoto juu ambako nyuma yake kuna uwazi, na kulia chini nimeweka fupi. Skrubu ya mbao iko kwenye ndoo ya taka.

Pini za kubonyeza, kabla ya kuzirudisha sukuma kitovu kitoke juu kwanza, ingiza pini, afu bonyeza kitovu kilingane na uso.

Kabla ya kutoka nimewasha injini ikiwa inanguruma taratibu nikageuza handeli mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Mshale ukipanda wakati unageuza ujue kebo ya mafuta imebanwa na kava. Haukupanda. Nikasubiri mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe nione haigusi waya wowote, ikawaka, ikazima.

Barabarani 4,000 kimya. 4,500 kimya. 5,000 ninasikia mnyororo kwa mara ya kwanza, unataka mafuta.

Kilichobaki: taa ya mbele imepanda kidogo baada ya pua kukaa sawa, inabidi niirekebishe kwenye ukuta usiku. Upande wa nje wa sikio la katikati una alama ya joto ya pasi, ndogo, rangi nitaigusa baadae. Na kava la matope la PP nikipata uzi wake nitalichomelea, sasa hivi limeshikwa na pini mbili na halilii.